Saluni Ndogo au Kubwa: Utangulizi wa Elimu ya Magari ya Umeme Yenye Kasi

Kiwanda cha Tesla kilichoko Fremont, California, kimetoa magari mawili ambayo yanatosha kabisa kuwa mlango wa elimu hii. La kwanza ni Model 3 Performance, toleo la mwaka 2024. Urefu wake ni mita 4.72, karibu sawa na Toyota Mark X inayofahamika sana Nairobi na Dar es Salaam. Uzito wake ni kilo 1,850 hivi, na lina nguvu za farasi 510. La pili ni Model S Plaid, ambalo wanunuzi walianza kukabidhiwa Juni 2021. Hili lina urefu wa karibu mita tano, uzito wa kilo 2,160 hivi, na nguvu za farasi 1,020. Dogo lilipoingia sokoni lilitangazwa kwa dola 52,990. Kubwa kwa dola 129,990. Na kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97, mtengenezaji anasema dogo linatumia sekunde 2.9 na kubwa sekunde 1.99.

Mnunuzi akizisoma takwimu hizi huuliza lipi ni bora. Wewe uliyekuja kujifunza, uliza kwanza jambo jingine. Kubwa lina nguvu mara mbili kamili ya dogo, wala uzito wake hauzidi wa dogo hata kwa moja ya tano. Ukigawanya nishati inayohitajika kufikisha gari kwenye mwendo huo kwa nguvu ya mota zake, utaona kwamba kubwa lingepaswa kufika kwa sekunde moja tu, na dogo kwa chini ya sekunde mbili. Halifiki, na dogo nalo halifiki. Nguvu hizo zimekwenda wapi?

Swali hilo ukilifuata kwa subira litakufikisha karibu kila pembe ya elimu hii: kwenye tairi, kwenye joto, kwenye hewa, kwenye kona, na mwishowe kwenye migodi. Karibu sana. Hesabu utakazohitaji hazizidi zile za kidato cha nne.

Enzi ya petroli ilikuwa imelijibu swali la ukubwa kabla mtu hajaliuliza. Aliyetaka nguvu zaidi alihitaji silinda zaidi, na silinda zaidi zilidai boneti ndefu, rejeta kubwa, giaboksi nene na chesisi ya kuvibeba vyote. BMW walipanga magari yao ya kasi kwa mantiki hiyo: M3 kwa anayetaka dogo, M5 kwa anayetaka kubwa, na kwa muda mrefu aliyelipia ukubwa alilipia na nguvu papo hapo. Mota ya umeme imevunja uhusiano huo. Lucid, kampuni yenye makao yake Newark, California, ilitengeneza mota yenye uwezo wa nguvu za farasi 670 ambayo, pamoja na giaboksi yake na inveta (chombo kinachogeuza umeme wa betri ufae mota), ina kilo 74. Huo ni uzito wa mtu mzima mmoja. Kitu cha namna hiyo kinaingia chini ya gari lolote, na ukitaka viwili au vitatu, nafasi ipo.

Kasi ya umeme yenyewe si jambo la jana. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme: mnamo 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha La Jamais Contente kwa zaidi ya kilomita 105 kwa saa. Kilichokosekana ni chombo cha kuhifadhi nishati hiyo bila kubeba shehena ya risasi. Betri ya ioni za lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na wanasayansi watatu walioifungulia njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo Model S ya kwanza ilipotoka, Juni 2012, na Model 3 ya kwanza, Julai 2017.

Sasa turudi kwenye nguvu zilizopotea. Anza na tairi. Kila jambo ambalo gari hufanya, liwe kuongeza mwendo, kukata kona au kusimama, linapitia kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami. Mpira mzuri juu ya lami kavu hushika kwa kani inayokaribia uzito uliokandamiza tairi. Kwa hiyo gari linalosukumwa na magurudumu yote manne haliwezi kuchapuka kwa zaidi ya mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kiasi kile kile cha jiwe linaloanguka. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulifanyia hesabu kwa mkono wake: uzito wa gari unajifuta. Gari zito linadai kani kubwa zaidi ili lisogee, lakini pia linakandamiza matairi zaidi na kupata mshiko zaidi kwa uwiano ule ule. Kwa mpaka huo, kufikia kilomita 97 kwa saa kunachukua sekunde 2.7, liwe gari la kilo elfu moja au la kilo elfu tatu.

Basi sekunde 1.99 zinatoka wapi? Sehemu yake ni desturi ya upimaji. Marekani, tangu zama za mashindano ya mbio fupi za kunyooka, saa huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja hivi, na Tesla wenyewe hueleza kwamba wameiondoa futi hiyo katika hesabu zao. Futi hiyo moja ina thamani ya karibu robo sekunde, kwa sababu ndiyo inayopitwa gari likiwa na mwendo mdogo kuliko wakati mwingine wote. Sehemu iliyobaki inadai mshiko unaozidi uzito wa gari kwa karibu moja ya tano, na huo hupatikana kwa matairi laini yaliyopata joto juu ya lami safi. Ukisoma takwimu ya aina hii, uliza kwanza imepimwaje. Tabia hiyo itakuokoa katika elimu hii kuliko fomula yoyote.

Mpaka wa tairi ukishaujua, nguvu zilizopotea zinaonekana. Gari likiwa kwenye mwendo mdogo, mota zinaweza kutoa kani kubwa kuliko tairi linavyoweza kupokea, na kompyuta inazizuia. Mwendo unavyopanda, kani inayotokana na nguvu ile ile inapungua, mpaka pafike mahali ambapo mota, siyo tairi, ndiyo inayoamua. Kwa Model 3 Performance mahali hapo ni karibu kilomita 75 kwa saa. Kwa Plaid ni karibu 130. Nimeacha hasara za njiani, hivyo zichukue kama makadirio, lakini picha haibadiliki. Chini ya kilomita 75 kwa saa, magari haya mawili yana mpaka mmoja, na mpaka huo ni mpira. Tofauti ya nguvu za farasi 510 inaanza kuonekana hapo, inakua hadi 130, na baada ya hapo inabaki kuwa ya waziwazi kabisa. Barabara kuu nyingi za Marekani zina ukomo wa maili 70 kwa saa, kilomita 113. Sehemu kubwa ya kile ambacho mnunuzi wa gari kubwa amekilipia inaishi juu ya ukomo huo, kwenye uwanja wa mashindano au kwenye zile sehemu za barabara kuu za Ujerumani ambazo hazina ukomo.

Nilisema uzito unajifuta. Hiyo ni kweli ya darasani, na mhandisi wa matairi atakusahihisha mara moja. Mshiko wa mpira haupandi sawasawa na mzigo: ongeza mzigo kwa asilimia 20 na mshiko utaongezeka kwa kiasi pungufu ya hapo. Ndiyo sababu gari zito huvishwa matairi mapana zaidi. Nyuma ya Model 3 Performance kuna matairi ya upana wa milimita 275; nyuma ya Plaid, yale ya inchi 21 yana 295. Upana huo una gharama zake, katika msuguano wa kubingirika na katika mfuko wa mwenye gari, kwa maana tairi la gari zito lenye nguvu huisha upesi. Kwenye kona, ambako mzigo mwingi unahamia upande mmoja, kasoro hii ya mpira inaonekana zaidi kuliko kwenye barabara iliyonyooka, na ndiyo sababu ya kwanza inayofanya magari madogo yapendwe na watu wanaopenda kuendesha.

Sababu ya pili ni namna gari linavyokubali kugeuka. Kabla gari halijafuata kona, mwili wake wote lazima uzunguke juu ya kitovu chake, na ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa hukua kwa uzito mara mraba wa urefu. Chukua uzito wa magari yetu mawili na urefu wake, ukichukulia kwamba mzigo umegawanyika kwa namna inayofanana: kubwa linakinza kugeuzwa kwa karibu asilimia 30 zaidi. Asilimia hizo hazimo kwenye brosha yoyote. Zinasikika mikononi, kwenye kona mbili zinazofuatana upesi, pale gari dogo linapokuwa limeshamaliza kugeuka na kubwa bado linajipanga. Uhandisi wa kisasa unaweza kulipunguza jambo hili. Plaid ina mota mbili nyuma, moja kwa kila gurudumu, hivyo inaweza kusukuma gurudumu la nje kuliko la ndani na kulilazimisha gari lizunguke. Hiyo ni kazi nzuri mno ya akili. Lakini kani ya kufanya hivyo inatoka kwenye matairi yale yale ambayo tayari yana shughuli.

Usidhani kwamba udogo wa nje ni wepesi. BMW i4 M50, saluni ya mita 4.78 ambayo kila mtu angeiweka upande wa dogo, ina zaidi ya kilo 2,200, yaani inaizidi Plaid. Sababu ni ukoo wake: chesisi yake ilipangwa ili ibebe pia injini ya petroli, na betri imebidi itoshee katika nafasi ambayo haikuundwa kwa ajili yake peke yake. BYD Seal, iliyotoka China mwaka 2022 ikiwa na urefu wa mita 4.80, inakaribia kilo 2,200 pia katika toleo lake la magurudumu manne, kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kemia ya betri tutakayoifikia. Ninachokuomba ni hiki: usipime gari kwa macho. Tafuta uzito wake kwenye karatasi, kisha jiulize uzito huo umetoka wapi. Katika elimu hii maswali machache yana faida kama hilo.

Joto ni somo refu kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha gari lililotengenezwa vizuri na gari lililotangazwa vizuri. Waya wa shaba ndani ya mota hupata joto kwa mraba wa mkondo: kani ikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, na inveta pia. Mpaka sasa tumezungumzia kuondoka mara moja. Jaribu kuondoka mara kumi, au kuzunguka uwanja kwa dakika saba bila kupumzika, na gari litaanza kujizuia lenyewe ili lisijiunguze.

Watu wengi hudhani kwamba betri kubwa haichoki. Angalia hesabu. Plaid ina betri ya karibu kilowati-saa 100 na mota zake zinaomba hadi kilowati 760. Kila kilowati-saa ya uwezo inadaiwa kilowati 7.6. Model 3 Performance ina kama kilowati-saa 80 na inadai kilowati 380, chini ya tano kwa kila kilowati-saa. Kwa nguvu zake zote, gari kubwa ndilo linalozichosha seli zake zaidi. Mambo hugeuka pale magari yote mawili yanapotoa nguvu inayolingana, kama kupanda mlima mrefu kwa mwendo mkubwa au kukimbia kilomita 180 kwa saa nje ya Munich: hapo kubwa lina seli nyingi za kugawana kazi, na linabaki na utulivu. Kwa hiyo swali la "betri gani inastahimili" halina jibu mpaka useme inafanya kazi gani.

Betri ina tabia nyingine inayowachanganya wanafunzi. Haipendi joto kali, lakini kwa kazi ya nguvu haipendi baridi pia, kwa maana kemia yake ikipata uvuguvugu ukinzani unapungua. Shaba ni kinyume: kadiri inavyopoa ndivyo inavyopitisha umeme vizuri. Ndiyo maana Plaid ina hali maalumu ya mbio fupi ambamo gari hujiandaa kwa dakika kadhaa kabla ya kuondoka, likileta betri na mota kwenye joto linalofaa kila kimoja. Na kwa msomaji wa Maskati, ambako hewa ya kiangazi hupita nyuzi 40, somo hili lina uzito wa pekee. Rejeta hutoa joto kwa sababu ya tofauti kati ya maji yake na hewa ya nje. Tofauti hiyo ikipungua, gari lile lile linalokimbia vizuri Ujerumani litajizuia mapema zaidi Oman. Gari kubwa lina uso mpana wa mbele wa kuweka rejeta kubwa. Gari dogo lina joto dogo la kuondoa. Hapo sioni mshindi wa wazi.

Breki zina hesabu yake. Kusimamisha Plaid kutoka kilomita 200 kwa saa ni kuondoa megajuli 3.3, Model 3 inadai 2.9. Mota zinaweza kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri, na hilo linasaidia sana mjini, kiasi kwamba uzito unaliadhibu gari la umeme kidogo kuliko ulivyoliadhibu la petroli. Ila katika kufunga breki kwa nguvu zote, sehemu kubwa huenda kwenye diski. Nenda Nürburgring, uwanja wa Ujerumani wenye zaidi ya kilomita 20 kwa mzunguko mmoja, ambako watengenezaji wote hupeleka madai yao. Plaid ya kawaida ilimaliza mzunguko kwa dakika 7 na sekunde 30.9 mwaka 2021. Mwaka 2023 ilirudi ikiwa na breki za kauri ya kaboni na matairi ya mashindano, na ikapata dakika 7 na sekunde 25.2. Mota ni zile zile. Halafu Porsche wakaja na Taycan Turbo GT, saluni yenye urefu na nguvu za kiwango hicho hicho, na kutangaza dakika 7 na sekunde 7.55. Kinachotenganisha nyakati hizo ni chesisi, breki, mshiko na usimamizi wa joto. Mtu anayenunua kwa kulinganisha nguvu za farasi anaacha nje mambo yote yaliyofanya kazi siku hiyo.

Kuhusu hewa, jibu litakushangaza kama lilivyonishangaza mimi nilipolifikia kwa mara ya kwanza. Ungetarajia gari kubwa lisukume hewa nyingi zaidi. Kani ya hewa inategemea eneo la uso wa mbele na namba inayoonyesha umbo linavyopita kwa ulaini. Uso wa Model S ni kama mita za mraba 2.3, wa Model 3 ni kama 2.2. Lakini namba ya umbo ni 0.208 kwa kubwa na karibu 0.22 kwa dogo. Zidisha, na utapata karibu jibu moja. Urefu ndio umelisaidia kubwa. Hewa husumbua zaidi inapoachana na gari nyuma kuliko inapokutana nalo mbele, na gari refu lina nafasi ya kuteremsha paa lake polepole ili hewa iungane bila vurugu. Kwa kilomita 120 kwa saa magari yote mawili hupambana na kani ya hewa ya karibu nyutoni 320. Ongeza msuguano wa matairi, ambao unafuata uzito, na kubwa linahitaji kilowati 18 hivi, dogo 17. Hiyo ndiyo tofauti yote ya safari ndefu. Ukijumlisha kwamba betri ya kubwa ina robo zaidi ya uwezo, gari kubwa linashinda kwa umbali, na linashinda kihalali.

Lucid Air, saluni kubwa nyingine, ndiyo iliyolipeleka wazo hili mbali zaidi. Mwaka 2021 toleo lake moja lilipewa na mamlaka ya mazingira ya Marekani kipimo cha maili 520, kilomita 837 kwa chaji moja, na halikufanya hivyo kwa betri tu. Peter Rawlinson, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Model S kabla ya kuiongoza Lucid, alizifanya mota na vyombo vyote kuwa vidogo ili nafasi iliyobaki wapewe watu. Hapo ndipo naona hoja yenye nguvu zaidi ya gari kubwa: viti vya nyuma ambavyo mtu mrefu anakaa saa sita bila kulalamika, buti linalomeza mizigo ya familia, na safari yenye vituo vichache.

Iko desturi ya kudhani kwamba teknolojia mpya huanza kwenye gari la bei kubwa na kuteremka. Historia ya magari haya mawili inakataa. Inveta ya silikoni kabaidi, inayopoteza umeme kidogo kuliko ile ya silikoni ya kawaida, ilianza kwa Tesla kwenye Model 3. Mota yenye sumaku za kudumu, iliyochukua nafasi ya ile ya kuchochewa ambayo mizizi yake ni hataza za Nikola Tesla za mwaka 1888, nayo ilianza kwenye Model 3. Model S ikaipokea mwaka 2019. Gari linalouzwa kwa wingi ndilo linalomlazimisha mhandisi kuokoa kila wati, kwa sababu kila wati inayopotea inadai betri zaidi, na betri ndiyo bei. Kubwa lilirudisha zamu yake kwa Plaid, ambayo rota zake zimefungwa kwa nyuzi za kaboni zilizokazwa sana ili sumaku zisirushwe nje zinapozunguka kwa zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kwa kuwa gari lina gia moja tu, mzunguko huo wa juu ndio unaoruhusu mwendo wa juu. Porsche walilitatua tatizo hilo hilo kwa njia tofauti, wakaweka gia mbili nyuma ya Taycan. Mwanafunzi akae na majibu haya mawili kwa muda kabla ya kuamua ni lipi limemvutia.

Betri inatufikisha Kolwezi, mji wa migodi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake inatoka Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini, sokoni na nyumbani. Betri za Tesla zenye nikeli hutumia kobalti kidogo kuliko zamani, lakini zinaitumia, na betri yenye robo zaidi ya uwezo inabeba robo zaidi ya madini hayo, mengine yakiwa yamechimbwa kwa mikono na watu wasio na kofia wala viatu vya kazi. Sikubali utangulizi wa elimu hii uandikwe kwa Kiswahili bila watu hao kutajwa. Iko kemia nyingine, ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti wala nikeli. Ndiyo iliyo ndani ya BYD Seal, na ndiyo sababu ya kilo zake: inahifadhi nishati pungufu kwa kila kilo. Hata hivyo toleo lake la magurudumu manne linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.8. Kwangu hilo ni jambo la heshima kubwa, na linaonyesha kwamba mshiko wa tairi unawasawazisha hata wenye kemia hafifu.

Kwa hiyo lipi? Anayeendesha zaidi peke yake au na mwenzi, katika barabara zenye kona na miji yenye maegesho finyu, achukue dogo, na asijihesabu kuwa amepungukiwa. Model S ina upana wa karibu mita mbili bila kuhesabu vioo, na upana huo utakutana nao kila siku, ilhali kilomita 130 kwa saa utakutana nazo kwa nadra. Anayesafirisha watu wanne kwa mamia ya kilomita, au anayeishi mahali ambapo barabara inaruhusu mwendo ambao nguvu za farasi 1,020 zinaanza kufanya kazi, ana sababu nzuri za kuchukua kubwa. Mimi mwenyewe niko upande wa dogo, kwa sababu ya zile asilimia 30 za kugeuka na kwa sababu ya Kolwezi, na sifichi kwamba ya pili ina uzito zaidi kwangu.

Ukitaka kuingia ndani zaidi, usianze na mota, ingawa ndizo zinazovutia macho. Anza na tairi: jifunze mshiko unavyobadilika kwa mzigo, kwa joto na kwa pembe ya gurudumu, mpaka uweze kukadiria muda wa gari lolote kutoka kwenye uzito wake na upana wa mpira wake. Kisha ingia kwenye joto, ukifuata wati moja kutoka kwenye seli hadi kwenye lami na kuandika inapopungua njiani. Hewa iwe ya tatu. Kemia ya betri iwe ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayobadilika upesi kuliko zote, na utakachokisoma leo kuihusu kitahitaji kusomwa tena.